Kipandio cha Mwaloni

Aubrey Preece alikishika kipandio cha kuvukia ua wa malisho kwa mikono miwili akakitikisa. Akakipiga teke. Mwisho akapanda juu yake akakikalia, mzee wa miaka sabini na sita, miguu ikining'inia.

"Mnaona? Kizima kama siku ya kwanza," aliwaambia wenzake.

Alikijenga mwenyewe, enzi za nguvu zake: mbao mbili pana za mwaloni za kukanyagia, zilizopenya katikati ya ua wa michongoma, na nguzo ya kushikia aliyoilainisha kwa patasi. Kondoo hawakupita, watu walipanda wakashukia upande wa pili. Wageni wa mbali walikuwa wakikipiga picha.

Hilary Beavan, kiongozi wa wale wanaojitolea kutunza njia za miguu za Wernlow, alikuna kichwa. "Aubrey, sijasema kibovu. Mkulima Gwatkin ametupatia lango moja. Tulitie hapa au kule mtoni?"

"Kipande hiki cha njia ni changu kukagua, na nimekagua. Pelekeni mtoni."

"Mzee kakioa hicho," mmoja akanong'ona, wakacheka. Wakaondoka na mafyekeo yao. Aubrey alibaki nyuma kupunguza michongoma.

Hapo ndipo alipokuja Olwen Probert, jirani yake, ana fimbo mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Nyonga ilikuwa imemsumbua tangu majira ya baridi. Dada yake Nesta, asiyeona, aliishi peke yake ng'ambo ya malisho. Barabara ya magari ilizunguka mbali, nyembamba, haina pa kumpisha mtu, na malori ya maziwa hayana huruma.

"Usinitazame, Aubrey. Nikitazamwa naanguka."

Akageuza uso. Alisikia fimbo ikigonga mbao, pumzi ikipanda, kisha fimbo na kikapu vikiwekwa chini. Alipogeuka, Olwen alikuwa ameukumbatia mguu wake kwa mikono miwili akijaribu kuuinua, kama mtu anayepakia gunia. Haukufika hata ubao wa kwanza.

"Nikuinue?"

"Uniinue wewe? Tuzikwe wote hapa?" Alicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. Akamsukumia kikapu. "Mpelekee Nesta keki yake. Mwambie nina mafua."

Aubrey akapanda, akashuka, akavuka malisho. Mlango wa Nesta ulikuwa wazi. Kabla hajabisha, sauti ya furaha ilitoka ndani.

"Olwen! Umefika, mwizi wewe! Chai imepoa mara ngapi nikikungoja!"

"Ni mimi, Nesta. Aubrey Preece."

"Ahaa," akasema Nesta, na mikono aliyokuwa ameinyoosha akaifuta kwenye aproni. "Karibu basi. Yeye yuko wapi?"

Aubrey aliuacha ule uongo wa mafua. "Kipandio kimemshinda."

"Kibovu?"

"La. Ni kizuri mno," alisema Aubrey, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, aliona haya.

Jioni ile alimpigia Hilary simu. Jumamosi wakaja na lango, na Aubrey hakukubali mtu mwingine ashike msumeno. Mwaloni ulikuwa umekuwa mgumu kama chuma.

"Nani mjinga aliyejenga kitu hiki?" Hilary alimtania.

"Fundi mwenye kiburi," alijibu huku akihema. "Nipe maji."

Lango lilipokwisha kutundikwa, Olwen alitokea na kikapu. Akalisukuma kwa kiuno, likafunguka.

"Linalia. Mlitie mafuta," akasema.

Hakuuliza kuhusu mbao za mwaloni zilizolala majanini, wala hakusimama kushukuru. Alikuwa na haraka. Aubrey aliegemea lango akamtazama akichechemea malishoni, polepole, mpaka aliposikia mtu akipiga kelele za furaha kule ng'ambo. Ndipo akainama kukusanya zana.