Maji ya Wenye Hereni

Tuliorodhesha hatari thelathini na moja, na mimi, Gavin, ndiye niliyeshika kalamu. Mtambo mpya ungewekwa kwenye kila birika la kunyweshea ng'ombe, usome hereni ya namba sikioni mwake, kisha ujiamulie wenyewe nani anywe. Ngamia wa mwituni na nguruwe pori, wasio na hereni, wangefungiwa maji. Tukajiuliza: hereni ikidondoka je? Umeme ukikatika? Siku nzima, chai na biskuti, halafu sote, wazaliwa wa hapa hapa Boulia, nyika kavu ya Australia, tukatia saini.

Alhamisi moja, mitambo ikiwa imeshafungwa, Noreen, mpishi wa shamba, aliingia ofisini bila hodi.

"Desmond hajafika," alisema. Desmond ni kaka yake, ana miaka sabini. "Gari lake limeonekana njia ya kaskazini, limekufa tangu jana."

"Tulia, dada. Atakuwa amefuata kinu cha upepo kinachovuta maji, yuko birikani."

"Birika lipi? Si lenye dude lako?"

Huku kwetu gari likikufia unafuata kinu mpaka birikani, unakunywa, unasubiri watu. Watoto wanalijua hilo kabla ya kusoma, ndiyo maana hakuna aliyeliandika kwenye orodha yetu. Nani huandika kwamba watu wanapumua?

Nikafungua kompyuta. Kila anayenyimwa maji hupigwa picha, na za Desmond zilikuwa arobaini na mbili. Desmond kasimama. Desmond kapiga magoti. Desmond analamba bomba. Chini ya kila moja: *Hana hereni. Amenyimwa.*

"Mungu wangu," Noreen alinong'ona. "Limemwona. Mara zote hizo limemwona!"

Picha ya mwisho ilikuwa ya jana jioni. Baada yake, hakuna kitu.

Niliendesha kama kichaa, Noreen akinitukana njia nzima. Tulimkuta kaegemea birika, nguo zimelowa, mkononi ameshika sikio la ng'ombe linalonuka, hereni ingali juu yake.

"Kuna mmoja kafia pale nyuma," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimeliomba hilo dude lako kwa adabu zote, Gavin. Halinijui. Nikaona basi, niwe ng'ombe."

Noreen alicheka huku analia, kisha akanigeukia, akanizaba kofi.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ripoti ya mtambo: *Birika la tisa. Ng'ombe nambari 417 amekunywa mara kumi na tisa. Afya njema. Hatari: hakuna.*