Esansi ya Mama Halima

Pikipiki ya Jumaine ilikuwa imezeeka, na hilo mwenyewe hakulibisha. Kiti kilikuwa kimeshonwa kwa nailoni na taa ya mbele ilitoa mwanga wa rangi ya chai. Lakini kuwaka, ilikuwa inawaka. Halafu mvua za mwaka ule zilipoanza, waasi wakiwa tayari wameushika mji wa Butembo, ikaingiwa na tabia mbaya. Asubuhi anaipiga teke mpaka jasho linamchuruzika mgongoni, nayo inakohoa tu. Ikikubali kuwaka, inakwenda kwa kushtuka-shtuka, na abiria wanamgonga kisogoni kwa paji la uso.

Kila mtu barabarani akawa fundi. Mwalimu mmoja alisema ni baridi ya mlimani. Muuza mikate alisema ni kijicho cha majirani. Mwishowe Jumaine akaipeleka kwa Vagheni, fundi ambaye hakuwa na desturi ya kusema kabla ya kufungua.

Vagheni akatoa buji, ile plagi ya kuwashia injini, akaikuta imelowa. Akaikausha, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, Jumaine akapiga teke: cheche ikaruka, ya buluu. Akaziba tundu la buji kwa kidole gumba, na pumzi ya injini ikakisukuma kidole. Halafu akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, akakinga glasi. Juu ikakaa esansi, petroli yenyewe, ya njano. Chini yake, maji.

"Moto yako haina ugonjwa," Vagheni akasema, akiipiga pikipiki kofi tangini. "Inakunywaka maji. Unanunuaka wapi?"

"Pale tu, njiani."

"Donc, usirudie pale."

Kesho yake Jumaine akarudi pale pale.

Hakuwa na namna. Esansi ile aliiuza Mama Halima, mjane mwenye sauti ya kuamrisha, akiipima kutoka kwenye bidoni, madumu ya plastiki, mbele ya nyumba yake. Na Mama Halima alikuwa na binti aitwaye Sifa. Jumaine alinunua nusu chupa asubuhi na nusu chupa jioni, apate sababu ya kupita mara mbili. Wazee wake walikwisha kupeleka posa, na mama hajajibu. Sasa mtu unamwambiaje mwanamke unayemwomba binti kwamba anauza maji? Jumaine akaona heri asukume.

Ijumaa moja Mama Halima akamwita. Mpwa wake anaolewa Beni, na malori yote yamechukuliwa na askari.

"Utanifikisha," akasema. Akajaza tangi kwa mkono wake mwenyewe, Jumaine akiutazama mpare wa kumiminia kama mgonjwa anayetazama sindano.

Kabla ya kufika kijiji cha Maboya, katikati ya kilima, pikipiki ikakohoa, ikazima. Mama Halima akashuka na kitenge chake kipya, matope yakamfika kwenye ndala na kuendelea. Wakasukuma wote wawili. Alipochoka, akauliza ina nini. Jumaine akasema lazima afungue kabureta, ila hana cha kukingia. Mama akatoa kwenye kapu glasi moja ya zawadi ya harusi.

Akaishika mwenyewe, akainyanyua kwenye mwanga, akatazama muda mrefu.

Kabla hajasema neno, wakatokea askari wawili nyuma yao, wakisukuma pikipiki yao inayokohoa vilevile, wakiitukana kwa Kilingala. Mama Halima akavuta mtandio ukamfunika mpaka puani, akageukia migomba hadi walipopita.

"Jumaine. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na ulikuwa unarudia kununua."

"Ndiyo, mama."

Akakaa juu ya jiwe. "Niko na bidoni mbili," akasema polepole. "Moja ya bakiriya, benye kulipa. Ingine ya basoda," akaonyesha kwa kidevu walikopotelea askari, "juu banabebaka bila kulipa. Ile ndiyo ninatiaka maji."

"Mais mama, mimi ninalipaka."

"Unalipaka. Lakini kila asubuhi na kila mangaribi unakuya kuangalia mutoto wangu bure. Nikasema huyu naye ni wa bidoni ya basoda."

Jumaine akafikiri kidogo. "Na leo? Leo ulikuwa unapanda wewe mwenyewe."

Mama Halima akafuta tope kwenye goti. "Mukono ulizoea," akasema.

Wakamwaga tangi lote majanini, wakasukuma hadi Maboya. Huko Mama Halima akamkabili muuza esansi na glasi ya harusi mkononi: amimine humo kwanza, itulie, aone. Mtu yule akachukia, akauliza kama anamdhania mwizi. Mama akamjibu kwamba siku hizi watu hawamwogopi tena Mungu. Jumaine akainama akakaza skrubu iliyokwisha kukazwa, asionekane uso.

Pikipiki ikawaka kwa teke moja, ikanguruma mpaka Beni bila kushtuka. Chakula cha harusi kilikuwa kimekwisha kuliwa. Dada yake Mama Halima akatazama ndala zile, akauliza wamepatwa na nini. Mama akalaumu barabara, akalaumu mvua, akalaumu vita.

"Na huyu kijana ni nani?"

"Ni mukwe wangu," akasema. "Mumutafutie kitu ya kula."

Wakamkwangulia pilau ya chini ya sufuria, imeungua kiasi. Jumaine akaila yote, akaomba tena.