Fundo la Pili na la Tatu

Pechiammal aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa, na tangu hapo hakuona kitu isipokuwa magoti yake na hariri nyekundu iliyoyafunika. Zumari zikapanda. Ngoma zikaanza kupigwa kwa fujo, ile fujo inayopigwa makusudi ili mtu akipiga chafya au akitoa neno baya wakati wa kufunga tali, ule uzi wa ndoa, asisikike. Mchele wa manjano ukamwagika kutoka kila upande wa ukumbi. Akahisi uzi shingoni, bado mbichi kwa manjano. Akahisi vidole. Kisha vidole tena. Mtu akaguta "Aii!" karibu na sikio lake. Ngoma zikatulia, na wageni wakaanza kukimbilia chumba cha chakula, kwa maana ndoa ilikuwa imekwisha fungwa.

Shenbagam, shangazi yake bwana harusi, alikuwa akijifuta machozi ya furaha. Akamkumbatia binti yake, Kanaga.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Mafundo yako yamekaa barabara."

Kanaga alikuwa akifikicha jicho. "Mafundo gani?"

"Ya tali, mafundo gani tena!"

"Mama, mimi sijafunga chochote. Mchele uliniingia jichoni. Nilipofumbua, watu walikuwa wanapeana mikono."

Shenbagam akamgeuza bibi harusi, akainua maua yaliyoning'inia kisogoni, akatazama. Mafundo matatu.

Kwetu bwana harusi hufunga fundo la kwanza. La pili na la tatu ni ya dada yake, ili ijulikane kwamba nyumba nzima imempokea mke, si mwanamume peke yake. Sudalaimuthu, yule bwana harusi, ambaye nyumbani waliita Muthu, alikuwa na dada mmoja tu, Ulagammal, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akimlisha kwa ujira wa kupanga njiti katika kiwanda cha viberiti hapo Kovilpatti. Lakini Ulagammal alikuwa mjane, na Shenbagam alishakata shauri mapema: mkono wa mjane hausogezwi karibu na tali. Kanaga, binamu yao, angesimama mahali pake. Ulagammal hakubisha. Alisema tu, "Sawa, shangazi," na siku ya harusi akaenda kusimamia chakula.

"Muthu!" Shenbagam aliita. "Wewe umefunga mangapi?"

Bwana harusi akatazama vidole vyake vya miguu. "Moja, shangazi. Langu lile."

"Na haya mengine?"

"Nilidhani ni Kanaga."

Wakamgeukia kuhani. "Mama," alisema, "mimi naangalia moto wangu na maneno yangu. Shingo za watu siangalii."

Wakamwendea mpiga video, wakabanana kwenye kioo kidogo cha kamera yake. Zumari zikalia upya. Muthu akaonekana akinyanyua uzi, mchele ukaanza kunyesha, halafu mgongo mpana wenye shati jeupe ukajaa kioo chote na haukuondoka.

"Nani huyu mpumbavu?" Shenbagam aliuliza.

"Ni mimi," akasema baba yake Pechi, bibi harusi, kwa aibu. "Nilitaka kuona vizuri."

Shenbagam akaelekea chumba cha chakula, na nusu ya ukumbi ikamfuata. Ulagammal alikuwa kati ya safu za majani ya mgomba, ameshika upawa wa mchuzi wa dengu.

"Wewe! Umefunga tali ya mdogo wako?"

"Nimefunga saa ngapi, shangazi, na watu wa basi la kwanza wanapiga kelele za wali?"

"Ulinyemelea wakati wa zile ngoma. Nani mwingine angethubutu?"

"Tazama mikono yangu. Mchuzi mpaka kwenye viwiko. Ningeugusa uzi, si ungekuwa na madoa?"

Lakini watu walishaamua. Huyu aliona sari hafifu kama ya mjane karibu na jukwaa, yule aliona kivuli. Ndugu wa mke wakasema ndoa ni ndoa. Ndugu wa mume wakasema mkosi umeingia. Mzee mmoja akauliza kama wanaweza kugombana huku wanakula. Mtu akapendekeza mafundo yafunguliwe, yafungwe upya, na hapo wote wakarudisha mikono nyuma, maana tali hufunguliwa mume anapokufa. Nani angepeleka mkono? Na hata hivyo saa njema ya ndoa ilikuwa imeshapita.

"Shingo ni yako, mtoto," Shenbagam alimwambia Pechi. "Ilikuwa mikono ya nani?"

"Sijui," Pechi alijibu, na kweli hakujua. Alijaribu kukumbuka, na kila alipojaribu vidole vikabadilika, mara vya baridi, mara vya moto. Moyoni alikisia ni wifi yake. Alitaka awe yeye.

Kesho yake mchana alimkuta Ulagammal nyuma ya nyumba akisugua masufuria.

"Wifi, mimi si shangazi. Niambie tu. Kama ni wewe, nitafurahi."

"Si mimi."

"Hakuna anayesikia."

"Pechi, naapa kwa macho yangu haya mawili, si mimi." Ulagammal akaendelea kusugua. "Ila nikwambie upuuzi? Waliponisingizia, nilikasirika sana. Lakini pembeni ya hasira nilitamani iwe kweli."

Pechi akarudi ndani akiwa amepotea kuliko alivyotoka. Mumewe alikuwa sakafuni, anatafuna vitafunio vilivyobaki harusini.

"Si Kanaga, si wifi," Pechi alisema. "Basi mimi nimefungwa na nani? Mpiga ngoma?"

Muthu akaacha kutafuna.

"Mimi," alisema. "Yote matatu."

"Wewe? Mbele ya watu wote ulisema moja!"

"Niliogopa. Niliona kama dada hafungi, basi na Kanaga asifunge. Nikayafunga upesi. Halafu kelele zikaanza, nikaona nikisema sasa nitaharibu zaidi."

"Kwa hiyo ukaniacha nisingiziwe mbele ya ukoo mzima."

Ulagammal alikuwa mlangoni, sufuria mkononi, maji yanadondoka.

"Dada, nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Shangazi aliposema nisikaribie, ulikuwa umekaa papo hapo unakunywa kahawa. Ungesema, 'Dada yangu ndiye atakayefunga.' Basi! Ulisema?"

Muthu akasukuma vitafunio kando.

Pechi akapiga magoti, akawapa mgongo, akasogeza msuko wake pembeni. "Wifi, uzi umebaki kidogo. Ongeza."

"Niongeze nini? Nani amesikia tali ya mafundo manne?"

"Tangu jana sijui nimeolewa na nani. Walau hilo moja nilijue."

"Na nikikuletea mkosi?"

"Ulimlisha huyu miaka yote, mbona hakupata mkosi?"

Ulagammal akaweka sufuria chini. Akajifuta mikono, akajifuta tena. Ncha zilikuwa fupi, zikamteleza. Muthu akainuka ili asaidie, na wote wawili wakamwambia, "Kaa!" Mwishowe fundo likashika, dogo, limeegemea upande. Ulagammal akalitazama, akaokota sufuria yake, akatoka.

Ulagammal alimweleza Shenbagam yeye mwenyewe, jioni ile. Shenbagam akauliza lipi ni la nani, akaelezwa, akauliza tena, akahesabu kwa vidole, akasema kichwa kinamuuma na anakwenda kwake. Hakukanyaga nyumba ile mpaka sikukuu ya mavuno, na alipokuja hakugusia tali hata mara moja, ingawa macho yake hayakutoka kisogoni kwa Pechi.

Ulagammal naye aliendelea kumpikia mdogo wake, lakini wali wake aliupitisha kwa Pechi, na maneno pia.

"Bado ana hasira?" Muthu aliuliza asubuhi moja.

"Sijui. Jana ulipojikwaa kwenye ndoo alicheka."

"Alinicheka mimi, au alicheka tu?"

Pechi akafikiri. Akatazama uani, ambako wifi yake alikuwa akianua nguo, na hakuweza kujua.