Vipimo vya Kutumiwa

Fundi hakuwahi kukata kitambaa cha mtu ambaye hajasimama mbele yake. Mume aliyetaka kumshtukiza mkewe kwa gauni jipya aliambiwa akamlete mke. Bosi mmoja aliyemtuma dereva na vipimo alirudishiwa dereva wake, kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri kuliko kilivyokuja. Wateja walimwita kichwa kigumu, kisha wakaja kusimama, kwa sababu koti lake likikukaa limekukaa.

Asubuhi ile mwanawe mkubwa alipiga simu tena. Alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka suti ya kuagia ofisi, na kwa kuwa kazi zilimbana, alikuwa amejipima mwenyewe mbele ya kioo. Fundi alimsikiliza kwa adabu zote mpaka kipimo cha mwisho, kisha akamrudishia simu binti yake.

"Mwambie kaka yako duka lipo palepale."

Binti huyo, kitindamimba wa nyumba ile, ndiye aliyeshona naye dukani, na wote walimwita Kitinda hivyo hivyo, ingawa alishaanza kuota mvi. Alichukua simu, akatafuta maneno laini ya kumpa kaka yake. Ndiyo ilikuwa kazi yake nyingine. Maneno makali ya baba yalipitia kwake yakatoka yamepigwa pasi, na habari mbaya za kwenda kwa baba ziliishia kwake kabisa. Tangu mama yao afariki, yeye na kaka yake walikubaliana kwamba mzee asisumbuliwe. Hata rafiki wa mzee wa kucheza naye karata alipofariki, Fundi aliambiwa kwamba mwenzake amesafiri. Alichouliza ni kimoja tu, kwamba mtu anasafirije bila kuja kuchukua suruali yake.

Simu ilipokatika, Kitinda aligeuka na kuona mkasi umelala juu ya kitambaa, mdomo wazi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake akiuacha mkasi hivyo. Fundi alikuwa ameshika kifua, kisha mkono ukahama taratibu kwenda mgongoni, kana kwamba anafuata kitu kinachotembea.

"Kinachanika," alisema. "Kutoka hapa, kinashuka huku."

"Ni gesi tu, baba," Kitinda alimjibu, huku akimtafutia viatu. Ndani ya teksi aliendelea kumwambia ni gesi, na mlangoni pa hospitali pia, mpaka yeye mwenyewe akakaribia kuamini.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye viatu vya plastiki vya kijani na sauti isiyo na haraka, ingawa miguu yake ilikuwa na haraka. Aliwakuta ndugu hao wawili kwenye benchi la ukutani. Kaka mkubwa alikuwa ametoka ofisini mbio na tai ilikuwa imemlegea shingoni. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni, ulikuwa umechanika kwa ndani. Damu ilikuwa imepenya kati ya matabaka yake na ilikuwa inazidi kuyaachanisha. Bila upasuaji leo hii, tena sasa, mshipa ungepasuka. Chumba kilikuwa kinaandaliwa. Kabla hajaingia kumweleza mgonjwa, alitaka kujua anaishije na akili yake ikoje.

Kaka mkubwa alivuta pumzi. Alisema mzee ana miaka themanini na moja, ameshakula chumvi ya kutosha. Alimkumbuka baba yao mdogo, aliyepasuliwa akiwa na umri wa chini ya huo, akaishia kulala na mipira puani mpaka akafa bila kumtambua mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlisha, kwa mkono wake.

"Sitaki yampate baba," alisema. "Mpeni dawa ya maumivu apumzike. Na kumuuliza msimuulize, daktari. Siku hizi anachanganya mambo."

Daktari hakubisha. Alimgeukia Kitinda. "Na wewe, dada? Wewe ndiye unayeshinda naye."

Ulimi wa Kitinda ulikuwa mzito kama chuma cha pasi. Maisha yake yote alikuwa akibeba maneno ya wengine, na sasa alitakiwa kutoa ya kwake, tena mbele ya kaka aliyemlipia shule. Angenyamaza, basi. Kunyamaza kwake kungetosha, na baba angelala kwa dawa, akapita, akiamini kwamba ameuawa na gesi.

Aliinamisha macho, yakakutana na koti la kaka yake. Lilikuwa la kununua. Bega la kushoto lilikuwa limeporomoka, kwa kuwa bega lake la kushoto liko chini kidogo tangu alipoanguka na baiskeli utotoni. Baba asingelikosea bega lile.

"Hachanganyi mambo," alisema kwa sauti ndogo. "Jana alimwambia mteja kwamba amenenepa tangu suruali ya mwaka juzi, na kweli amenenepa." "Kaka, tunamkata baba kwa vipimo vya kutumiwa."

Kaka mkubwa alivua tai iliyomlegea, akaikunja mkononi.

"Hajui hata anaumwa nini," Kitinda aliendelea. "Mimi ndiye niliyemwambia ni gesi."

"Basi twende kwake," daktari alisema, akawa ameshaanza kutembea.

Fundi alikuwa amelala na nyaya kifuani, uso umemkauka lakini macho yako palepale. Daktari alimwamkia shikamoo, akamuuliza siku, mahali alipo na jina la kazi yake. Fundi alijibu yote, kisha akawatazama wanawe.

"Gesi gani hii inayokusanya watu namna hii?"

Kitinda aliushika mkono wake. Alimwambia kwamba si gesi, kwamba alimdanganya. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akaona bora atoe yote. "Hata rafiki yako, baba. Hakusafiri. Tulimzika."

"Nilijua," Fundi alisema. "Yule asingekwenda popote bila suruali ile."

Daktari alimweleza kama alivyowaeleza wao, na alipotafuta mfano, mfano ulikuwa kitandani mbele yake. Mshipa una tabaka la ndani kama koti lilivyo na bitana, na bitana imechanika. Angefungua kifua, mashine ishike kazi ya moyo na mapafu, akate kipande kibovu na mahali pake ashone bomba la kitambaa maalumu.

"Umeshawashona wa rika langu?"

"Wengi, mzee wangu. Wengi wao walitoka wakarudi nyumbani. Wengine niliwapoteza. Kiharusi kinaweza kutokea, figo zinaweza kuchoka, na utaamka umechoka kuliko ulivyowahi kuchoka. Lakini umefika mapema, moyo wako bado una nguvu, na mikono yangu naiamini."

"Nikikataa?"

"Tutakuondolea maumivu na hatutakuacha peke yako. Ila kesho siiahidi."

Hakuna aliyemsaidia kufikiri.

"Shona," Fundi alisema. Kisha akamwita mwanawe mkubwa asogee. "Najua unachoogopa. Na mimi nilikuwepo, nilimwona mdogo wangu. Nikitoka humo nikawa simjui mtu, na daktari akasema ndiyo basi, mipira itolewe. Umesikia? Hilo nakuachia wewe."

Kaka mkubwa aliitikia kwa kichwa.

"Na suti yako nimeikubali. Utakuja usimame."

Wauguzi wakakisukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji.

Saa za kungoja zilikuwa ndefu. Kaka mkubwa alinunua chai mara mbili na mara zote mbili ikapoa mkononi. Alimwambia mdogo wake kwamba hakutaka baba afe, na Kitinda alimjibu kwamba hilo halikuhitaji kusemwa. Jua lilikuwa limeondoka dirishani daktari alipotokea, alama ya barakoa ikiwa bado imekata mashavu yake.

"Mshono umeshika," alisema. "Hauvuji. Sasa tumwachie yeye."

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Fundi aliamka akidhani wodi ni duka. Alimkemea nesi kwa kuegemea meza ya kukatia, na akamuuliza Kitinda yeye ni mteja wa nani. Kaka mkubwa alisimama mlangoni akimkumbuka baba yao mdogo. Daktari aliwaambia kwamba wazee wengi hupitia hapo, kwamba ukungu ule huondoka, wao wamwongeleshe tu mambo anayoyajua. Basi Kitinda akawa anamsomea majina ya wateja na nguo zao, asubuhi na jioni, kwa sauti ya kawaida. Jioni moja alikosea, akasema sketi badala ya gauni, na baba akamsahihisha.

Alipoweza kukaa, aliomba futi yake ya kupimia. Kaka mkubwa alikuja mchana, ametoroka ofisini, akavua koti lake la kununua na kusimama kando ya kitanda. Kitinda alishika ncha moja. Mikono ya Fundi ilitetemeka na futi ikacheza, lakini aliipitisha bega la kulia, kisha la kushoto, akanung'unika, nani alimruhusu mtu huyu kupanda baiskeli? Akashuka kwenye kifua, futi ikazunguka, na hapo mikono ikatulia. Kichwa chake kililala kwenye mto, pumzi ikaenda taratibu.

Kitinda aliitazama mashine. Kila kitu kilikuwa sawa, baba amelala tu. Akataka kuifungua futi.

"Iache," kaka yake alinong'ona. "Hajamaliza."

Akabaki amesimama, mikono imenyooka pembeni, futi kifuani.