Glasi Zisizoonjwa

Huyo Mansuri alikuwa na nyodo, tusifichane. Wakala wa watalii kutoka Dar, kaja Kasulu na Waislamu kumi na wawili waliokuwa njiani kwenda kutazama sokwe Gombe, na tangu ateremke garini anapekua nyumba ya wageni ya Immakulata kama mtu aliyeibiwa. Kafungua friji, kanusa sufuria, kauliza kuku kachinjwa na nani. Immakulata akajibu yote kwa upole wa kujilazimisha. Afanyeje? Baa alikwisha kuifunga, walimu na madereva waliokuwa wakinywa pale wamehamia kwingine, sufuria zote mpya. Akikosa kuingia kwenye orodha ya Mansuri ya nyumba halali, mwezi ujao anafunga milango.

Wageni walipoketi, akaleta umutobe, maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile ile. Jirani yake Mpawenimana, aliyekuja kumsaidia kupika, akashika trei. Immakulata akamimina glasi ya kwanza, akaonja funda moja, akampa bibi mmoja wa Tanga. Ndivyo alivyolelewa. Mtaani kwao, mwenye nyumba asiyeonja kinywaji mbele ya mgeni ni mtu wa kuogopwa, huenda ametia sumu.

Mansuri akaipokonya ile glasi, akaimwaga uani.

"Unawapa wageni wangu makombo? Mdomo huo umekunywa pombe miaka mingapi?"

"Naonja ili wajue ni salama," Immakulata alisema.

"Mwache, baba, kila watu na lao," alisema bibi wa Tanga. Mansuri hata hakumtazama.

"Mimina upya. Ukionja tena, sikuandiki."

Hasira zikampanda Immakulata hadi masikio yakavuma. Alimchukia yule mtu, alichukia marashi yake na kalamu yake. Alitamani kumtimua mtaa mzima ukiona. Lakini akavifikiria vyumba vitupu, akapiga moyo konde, akamimina. Glasi kumi na mbili, hakuonja hata moja. Mpawenimana alimkodolea macho, trei kifuani.

Wageni wakanywa, wakasifu. Mansuri akaliandika jina la nyumba kwenye orodha, akaenda zake kuoga.

Jikoni, Immakulata akamimina glasi nyingine, akaonja, akampa jirani yake kwa mikono miwili. Mpawenimana hakunyoosha mkono.

"Umewapa watu bila kuonja. Nimekuona."

"Si nimelazimishwa? Hiki nimekionja mbele yako."

"Umekionja, ndiyo. Na wale hukuwaonjea kwa sababu ya jina kwenye karatasi. Kesho nitajuaje na mimi umenitilia nini?"

Akajifunga kitenge chake, akatoka. Immakulata alimwita mara mbili, hakugeuka. Kufika jioni, wanawake wa mtaa ule walikuwa wakiwakanya watoto wao wasinywe hata maji kwa Immakulata.