Wazee Wangu Walifaulu Wote

Madaktari wa macho wa kujitolea walipofika Kibaigwa, na mimi nikajitolea. Mimi ni dalali wa mahindi, na dalali akisema anajitolea, watu huanza kushika mifuko yao. Nilipewa fulana na kazi ya kupanga foleni.

Niliipanga nilivyojua. Mbele nilimweka mama mkwe wangu, Domitila. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili kabla sijamwoa binti yake, kwa hiyo sura yangu alikuwa haijui. Na kwa kuwa mkwe hamshiki mama mkwe mkono, nilimwongoza kwa kushika ncha ya fimbo yake, hata akienda chooni. Jambo hilo lilimuuma kuliko upofu wenyewe. Mwisho kabisa nilimweka mzee Nurdini wa Chemba, aliyeshushwa na lori alfajiri akiwa na Kiswahili cha kuombea maji tu. Hapa hakuwa na mtu.

Nesi Anna alibandika bango la herufi E, nyingine zimelala, nyingine zimepinduka. Mgonjwa anasema miguu ya herufi imeelekea wapi. Nikajua huu ni mtihani, na tangu lini kitu cha kutoka mjini akapewa aliyefeli? Nilipita kwenye mstari nikiwakaririsha wazee: kulia, juu, kushoto, chini. Nurdini nilimruka. Kumwelewesha kungenimalizia asubuhi nzima.

Walifaulu wote. Mama mkwe alimaliza kujibu kabla ya kuulizwa.

"Mama, macho yako mazima," Anna alisema bila kuinua kichwa. "Nenda nyumbani."

"Nyumbani tena?" nikauliza. "Si amefaulu?"

"Ndiyo maana. Daktari anawapasua wasioona."

Nikachungulia mezani kwake. Kwenye orodha ya upasuaji kulikuwa na jina moja tu, la Nurdini. Niliyemnyima msaada wangu ndiye peke yake aliyesalimika.

Orodha ingefungwa saa kumi, na sasa ilikuwa saa nane. Ningeweza kunyamaza, maana kunyamaza ni nusu ya udalali. Lakini mama mkwe alikuwa mlangoni akipapasa fremu.

"Mkwe wangu," akaniuliza, "ndiyo nimeshapona?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nikiuza mahindi mabichi kwa bei ya makavu. Nikamwambia Anna kila kitu. Akalipindua bango juu chini, akaniambia niwarudishe wote. Nilizunguka soko zima juani nikiwakusanya, nikawapanga kwa zamu zao za kufika. Wakajibu kwa sauti ileile: kulia, juu, kushoto, chini. Wakafeli wote, namshukuru Mungu.

Siku ya kufunguliwa bandeji, mama mkwe alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Binti yangu aliniambia ni mrefu."

Kisha akaniachia fimbo mkononi, akaenda chooni mwenyewe.