Hakan na Mbeleko

Mal-sun alilea watoto wa watu kwa miaka mingi pale mtaani kwetu Daejeon, Korea Kusini. Shirika la kuasili lilimletea vichanga, akawanywesha maziwa, akawabeba mgongoni kwa mbeleko mpaka siku ya ndege. Siku hiyo alimkabidhi mtoto kwa msindikizaji uwanjani, akarudi na mgongo mtupu. Wazazi wa kuasili, huko ng'ambo, hakuwahi kuwaona.

Kisha sheria ikabadilika. Wazazi walitakiwa waje wenyewe, wasimame mbele ya hakimu, wasubiri uamuzi. Shirikani walinuna, maana kazi ingechukua muda mrefu. Hata Hye-jin, afisa wa ustawi aliyeleta habari, alianza kwa kuomba radhi.

"Mama, huyu Dan-bi unayemlea atakaa kwako zaidi. Na wazazi wake watakuja wamzoee kwanza."

"Waje wapi?"

"Hapa kwako."

Mal-sun alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikuja kibandani kwangu sokoni, akanunua kabichi za kutosha kulisha kambi nzima ya jeshi.

Wakaja Waswidi wawili: Pernilla, mwalimu mpole, na mumewe Hakan, jitu la ndevu nyekundu. Dan-bi, mtoto wa mwaka na nusu, aliziona zile ndevu akaangua kilio. Hakan akarudi nyuma kwa aibu, akagonga kichwa juu ya mlango. Mtoto akanyamaza, akamtazama. Hakan akajigonga tena, safari hii makusudi. Dan-bi akacheka.

"Mwambie inatosha," Gil-ho, mume wa Mal-sun, alimwambia Hye-jin aliyekuwa akitafsiri. "Ataniangushia nyumba."

Mchana usingizi ulimshika mtoto, akaanza kudeka. Mal-sun akachukua mbeleko, akampima Hakan kwa macho.

"Inama, mwanangu."

Kamba hazikutosha kumzunguka kifuani. Gil-ho akaleta tai yake ya harusini, wakaunga. Hivyo ndivyo walivyotokea sokoni: jitu mbele, Dan-bi mgongoni kama kifurushi, Mal-sun na Pernilla nyuma wakishikana mikono kwa kicheko.

"We Mal-sun," muuza samaki akaita, "hilo jitu umeliokota wapi?"

"Mkwe wangu huyo. Huna?"

"Ningekuwa naye ningemtundikia taa kichwani."

Hakan, asiyeelewa neno, aliinama kwa heshima kwa kila aliyemcheka. Kila akiinama, Dan-bi alipanda na kushuka. Walipofika kwangu alikuwa amelala fofofo.

Ya mahakamani alitusimulia Hye-jin. Hakimu aliuliza, mtoto akilia usiku mtafanyaje? Pernilla akafungua mdomo ajibu, lakini Hakan alikwishageuka ndani ya suti yake, mikono nyuma kama aliyebeba mtoto mgongoni, akiyumba na kuimba wimbo wa kubembeleza aliofundishwa na Mal-sun, kwa sauti mbovu na matamshi mabovu zaidi. Hakimu alijifunika uso kwa karatasi, mabega yakitikisika.

Kibali kikatoka baada ya wiki kadhaa. Kwenye uwanja wa ndege, Pernilla ndiye aliyembeba Dan-bi kwa mbeleko, na alikuwa amejifunza sentensi moja ya Kikorea: "Mama, kiangazi uje kwetu."

Mal-sun akaanza kulia, kisha akasikia kilio kikubwa kuliko chake. Alikuwa Hakan, ndevu zimelowa, watu wakimgeukia. Ikabidi Mal-sun apande juu ya sanduku ili amfikie begani.

"Nyamaza, baba," alimwambia akimpigapiga, naye akicheka. "Mtoto anakutazama."